Fundi wa Majukwaa

Fundi seremala huyu huongea misumari ikiwa mdomoni, na kila ubao huugonga kwanza kwa kifundo cha kidole, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Wagombea wote huundiwa majukwaa na yeye. Leo mmoja wao alisimama juu, akamwahidi kila fundi karakana yake, na umati ukalipuka kwa vifijo. "Piga makofi basi, baba, wanatutazama," mkewe akanong'ona. "Ngoja, mama watoto. Ubao wa tatu unalia. Akianguka, lawama zangu." Watu walipotawanyika, alirudi kibandani kwake, akabandua picha ya mgombea iliyobandikwa mlangoni. Chini yake alama nyekundu ya kubomolewa ilikuwa palepale, na tarehe yake: kesho. Akatema misumari kiganjani, akaanza kuung'oa mlango mwenyewe, bawaba kwa bawaba, wabomoaji wasije wakauvunja.