Niliifundisha Shule Nzima Kumzomea Mama Yangu

Nimekosa mimi, wala simtafuti wa kumsingizia. Si mkuu wa shule, si shetani, si watoto. Mimi!

Na sehemu ya kuchekesha, kama una moyo wa kucheka, ni kwamba wakati nafanya haya nilikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Tamaduni shuleni kwetu. Naam! Mtu aliyekabidhiwa kazi ya kuwafundisha wenzake kuheshimu watu ndiye huyu anayewaandikia. Chekeni kwanza, halafu tuendelee.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya binafsi hapa Kigali, upande wa Kimironko. Nilizaliwa Bujumbura, kwenye familia ya Wanyarwanda waliokimbilia huko zamani. Mama yangu alikuwa anauza vitambaa, na Kiswahili alikiokota palepale kwenye meza yake, kutoka kwa wateja. Hakuna aliyemfundisha. Tuliporudi Rwanda nikiwa binti mdogo, Kiswahili tukabaki nacho ndani ya nyumba. Ndiyo lugha tuliyogombania, tuliyochekea, tuliyosengenyea majirani. Kinyarwanda tulikitunza kwa ajili ya wageni na kanisani, kama vikombe vya kabatini.

Kiswahili cha mama hakina ngeli. Kwake kila kitu ni "iko". Chai iko, mtoto iko, Mungu iko. R na L anazichanganya anavyotaka. Nikirudi kutoka shule nilikuwa nasikia tangu mlangoni: "Mwanangu, umekura?"

Basi nikaenda kusoma Dar es Salaam. Miaka minne! Nikarudi na Kiswahili kilichopigwa pasi, kina mkunjo kama suruali ya bwana harusi. Wiki ya kwanza tu nikaanza kumsahihisha mama mezani.

"Mama, siyo 'iko chai'. Sema 'chai ipo'."

Alicheka. "Haya mwarimu, chai ipo. Sasa kunywa, isipoe."

Alikuwa anajivuna, masikini. Pale Gitega, mtaa wa hapahapa Kigali anapoishi, aliwaambia wanawake wote kwamba binti yake amekwenda mpaka Tanzania kuleta Kiswahili chenyewe.

Sasa tuje shuleni. Shule yetu ina watoto wa kila pembe: Wanyarwanda, Warundi, Wakongomani, Waganda, hata Wahindi wawili watatu. Mkuu wa shule akaona tuwe na kamati ya kuwafundisha watoto kuishi na tamaduni za wenzao. Nikapelekwa mafunzo hotelini. Siku tano za kula samaki na kuandika maneno makubwa kwenye karatasi za rangi! Nikatoka na cheti. Nikakitundika ofisini. Kila aliyeingia kuomba chaki alilazimika kukiona.

Nikaandika bango kubwa la darasani: KILA LUGHA NI LULU. Nililichora kwa mkono wangu mwenyewe, nikaweka na maua pembeni.

Na chini ya bango hilo, jamani, chini yake kabisa, nikabandika ubao mwingine niliouita Ubao wa Makosa. Kila wiki nilichukua sentensi mbovu za wanafunzi, nikaziandika pale na majina yao. Watoto wanasoma, wanacheka. Mimi najiona mwalimu wa kisasa, mwenye vituko. Zile nzuri zaidi nilizipeleka chumba cha walimu tukanywea chai.

Aliyekuwa haondoki ubaoni ni msichana mmoja wa mwaka wa pili wa sekondari. Nitamwita Neema. Familia yake imetoka Bukavu, mama yake ni fundi cherehani soko la Kimironko. Neema alikuwa mchangamfu, mkono juu kila swali. "Madamu, miye minajua!" Akifungua mdomo darasa zima linajiandaa kucheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naanza kutabasamu kabla yake.

Ikafika Siku ya Tamaduni. Wazazi wamealikwa, mahema yamefungwa uwanjani, wageni wa heshima wamepangiwa viti vyenye vitambaa vyeupe. Kama mwenyekiti, nikatunga igizo. Lilikuwa fupi: mteja anakwenda sokoni, anaongea Kiswahili kibovu, mwalimu anapita na kumsahihisha, mwisho mteja anashukuru. Mwalimu nikajipa mimi mwenyewe. Nani mwingine?

Na ili wanafunzi wote washiriki, nikawafundisha kitu. Kila mteja atakapokosea, shule nzima ipige kelele: "KOSA!" Tulifanya mazoezi asubuhi tatu mfululizo kwenye paredi. Walilipenda zoezi hilo kuliko wimbo wa shule.

Mteja nikamchagua Neema. Nilimwita ofisini, chini ya kile cheti changu.

"Utaigiza mtu asiyejua Kiswahili," nikamwambia.

"Sawa, Madamu. Sasa ule mutu atasema namna gani?"

"Vile unavyosema wewe."

Nilisema hivyo! Kwa mdomo huu huu! Tena kwa upole, kama ninayempa zawadi.

Neema aliniangalia kidogo. Akashika karatasi yake ya maneno, akasema "Sawa, Madamu," akatoka. Nikaandika kwenye ripoti ya kamati kwamba mwanafunzi wa kutoka Kongo amepewa nafasi ya mbele. Ujumuishi, si ndiyo? Neno hilo nililipata hotelini.

Siku yenyewe nilikuwa nimevaa mushanana, vazi letu la sherehe, nimetengeneza nywele, kipaza sauti mkononi. Mama yangu sikumwambia chochote kuhusu sherehe hiyo. Nitasema ukweli: niliogopa asije akawaamkia wageni kwa ile "iko" yake. Lakini mkuu wa shule alikuwa amewaalika wazazi wa walimu pia, kwa simu, bila kuniuliza. Mama akapanda moto, pikipiki ya abiria, kutoka Gitega, akaja na kitenge chake kizuri, akakaa mstari wa nyuma ili asinisumbue.

Nilimwona igizo likiwa limeshaanza. Amekaa na mwanamke mwingine, vichwa vimekaribiana, wanaongea kama waliozaliwa tumbo moja. Mwanamke yule alikuwa mama yake Neema. Katika umati wote ule wa Kifaransa na Kiingereza, wawili wale walikuwa wametafutana kwa lugha wakapatana.

Neema akapanda jukwaani na kikapu. Akashika kipaza sauti. "Jambo mama, minatafuta nyanya, iko nyanya?"

Mama yake Neema akapiga makofi! Nilimwona kwa macho yangu. Alisikia Kiswahili cha nyumbani kwake kinatoka kwenye spika za shule ile kubwa, akadhani tumekiheshimu. Akamgusa mama yangu begani, akamwonyesha mwanawe kwa kidole. Uso wake uling'aa, na mimi sitausahau uso ule.

Shule nzima ikajibu: "KOSA!"

Wageni wakaangua kicheko. Nikasogea na fimbo yangu ya igizo: "Usiseme 'iko nyanya', sema 'kuna nyanya'!" Makofi.

Neema akasema sentensi ya pili. "KOSA!" Ya tatu. "KOSA!" Mikono ya mama yake ilikuwa imeshateremka mapajani. Sentensi ya nne haikutoka. Mtoto alisimama na kikapu chake, mdomo wazi, anamtazama mama yake kule nyuma.

Mama Neema akasimama. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, ila uwanja ulikuwa umetulia: "Neema, kuya mwanangu. Tuende kwetu."

Na wanafunzi wangu, niliowafunza vizuri asubuhi tatu, wakamjibu kwa sauti moja: "KOSA!"

Mama yangu naye akasimama. Akamshika yule mwenzake mkono. "Twende mama, mimi iko pamoja na wewe."

"KOOOSA!"

Walicheka, jamani! Walipiga na miguu chini! Na mimi nimesimama pale na kipaza sauti. Chombo cha kusema "nyamazeni, huyo ni mama yangu" kilikuwa mkononi mwangu, kimewashwa, kina betri mpya.

Sikusema.

Neema aliteremka, akapita katikati ya viti, wakaondoka watatu. Mwalimu mwenzangu wa jiografia akaniinamia sikioni. "Yule mama wa pili ni nani? Unamjua?"

Nikamwambia, "Hapana. Simjui."

Jogoo hakuwika. Kimironko kuku tunawanunua wameshachinjwa. Lakini mimi Mkatoliki, sikuhitaji jogoo.

Mnadhani niliadhibiwa? Thubutu! Mkuu wa shule alinipongeza. Katika taarifa iliyotumwa kwa wazazi waliweka picha ya Neema na kikapu, mdomo wazi, chini yake wakaandika: "Tunasherehekea tofauti zetu." Nilipokwenda kuomba picha itolewe, mkuu alinishangaa. "Madamu, mbona kila mtu amefurahi?" Wageni wa viti vyenye vitambaa vyeupe walikuwa wamefurahi, kweli. Ndio waliokuwa wakihesabiwa.

Neema hakurudi. Wiki nzima kiti chake kitupu. Nikajikaza, nikaenda sokoni, nikapita mboga, nikapita vitambaa, mpaka kwa mafundi. Mama Neema alikuwa anapinda gauni la mtu, hakusimamisha cherehani.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema.

Akamaliza mshono mpaka mwisho. "Madamu, weye Kiswahili ulijifunzia wapi?"

"Dar es Salaam."

"Hapana. Mbele ya Dar es Salaam."

Nikainamisha kichwa kama mtoto aliyeitwa mbele.

"Mama yako aliniambia," akasema. "Tulipokaa tu. Aliniambia, yule mwenye kipaza sauti ni mwanangu, mimi ndiye nilimufundisha kusema. Alikuwa na furaha sana, Madamu." Akaweka gauni pembeni. "Neema tumemupeleka shule ingine, kule Ndera. Amekataa somo la Kiswahili. Hata nyumbani akitaka maji anaomba kwa Kingereza. Mimi Kingereza sijui. Sasa unisaidie weye mwenye masomo: mutoto wangu nitaongea naye nini?"

Na shahada yangu yote ile, haikunisaidia! Nikaondoka naona haya hata kuwatazama wale mafundi wengine, maana walikuwa wamezima cherehani zao wote kusikiliza.

Kutoka hapo nikapanda moto moja kwa moja mpaka Gitega. Mama alikuwa anachambua mchele. Nikapiga magoti. Nikalia, nikaomba, nikasema yote, hata lile la "simjui", ambalo hakuwa amelisikia. Ndiyo, nilimwongezea mwenyewe!

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniambia, kwa Kinyarwanda safi cha kanisani: "Icara, mwarimu." Kaa, mwalimu. Akaniletea chai kwenye kikombe cha kabatini.

Nikamsihi: "Mama, ongea na mimi Kiswahili chetu."

"Sinshaka gukosa," akajibu. Sitaki kukosea.

Tangu siku ile, mpaka naandika hapa, mama yangu anaongea nami Kinyarwanda tu. Hanitukani. Hanifukuzi. Ananikaribisha, ananiuliza habari za kazi, ananishukuru nikimletea sukari. Adabu tupu! Hamjui adabu ya mzazi inavyokata. Wajukuu wake anawaongelesha Kiswahili, nasikia wanacheka jikoni. Nikiingia, wanahamia Kinyarwanda wote.

Jumatatu iliyofuata nilisimama kwenye paredi. Ubao wa Makosa nilikuwa nimeshaung'oa. Nikawaambia wanafunzi kwamba mama wa pili waliyemzomea ni mama yangu mzazi, na kwamba yeye ndiye aliyenifundisha Kiswahili kabla ya chuo chochote.

Kisha mvulana mmoja wa mwaka wa kwanza akanyoosha mkono, bila kejeli yoyote, anataka kujua kweli. "Madamu, kwa hiyo alikosea au hakukosea?"

Nikasema: "Mimi ndiye niliyekosea." Akaandika kwenye daftari. Walimu wenzangu wawili walikohoa. Mkuu akapiga kengele, watoto wakaenda darasani.

Uenyekiti niliurudisha mwenyewe. Cheti nimekiteremsha, ingawa msumari umegoma kutoka. Kila Jumamosi naenda sokoni kumsalimia Mama Neema. Ananijibu salamu, basi. Neema mwenyewe nilimwona mara moja tu, akiwa na mama yake. Nilisema "Hujambo, Neema." Akanijibu "I am fine, teacher," akaangalia pembeni. Sarufi yake haikuwa na kosa hata moja.

Walimu wenzangu, na ninyi wazazi mnaojidai kwa lugha za kusomea, nawaomba. Tundikeni mabango, fanyeni sherehe, chezesheni watoto ngoma za nchi kumi. Lakini mtoto asiongezwe kwenye ratiba ili achekwe. Kama amekosea, msahihishe kwa kalamu, taratibu, mkiwa wawili. Daftari linasahihishika. Mama wa mtu hasahihishwi!