Bango la Msiba wa Mama Antwiwaa

Hebu mwone Dufie anavyokuja. Ni asubuhi ya baridi, theluji ya juzi imegeuka tope jeusi kando ya barabara, na huyo anapanda ngazi kutoka kituo cha treni akiwa na koti la mumewe, maana koti lake mwenyewe halifungi juu ya nguo alizovaa. Ndani ya koti amejifunga kitambaa cha msiba, chekundu na cheusi, na kichwani ana kilemba chekundu. Kwapani amebana bomba refu la plastiki kama mpima ardhi aliyebeba ramani. Anatembea upesi. Lakini akifika mlangoni pa ofisi ya uhamiaji anasimama, anafungua vifungo vyote vya koti, baridi na iwe baridi, ili nguo zionekane.

Kwetu Kumasi mfiwa haendi kuomba jambo amevaa kama anayekwenda sokoni. Unayemwendea akikuona na nyekundu na nyeusi, anasogeza kiti, anakupa maji ya kunywa, ndipo anauliza habari. Dufie amekaa Bronx, huku Marekani, miaka mingi, anajua fika kwamba huku hawasogezi viti. Lakini msiba ukikupata unarudi kwenye yale uliyolelewa nayo, upende usipende.

Mlinzi akamtazama kutoka kilemba hadi viatu. "Umependeza, mama! Leo kuna sherehe?"

"Nimefiwa," Dufie akasema.

Yule mlinzi akaziba mdomo kwa mkono. Akafungua lile bomba, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akavuta karatasi kubwa inayong'aa. Mama Antwiwaa akamtokea, amekaa kwenye kiti cha enzi cha studio, kitambaa kimemwagika hadi miguuni, akimkodolea macho. Mlinzi akaikunja tena taratibu, kama anayemfunika mtu shuka.

Lilikuwa bango la msiba. Bila bango hakuna mazishi kwetu: picha ya marehemu, Jumamosi ya kuzika, na majina ya ukoo mzima kwa mafungu, kila jina na mahali mtu alipo kando yake. Fungu la watoto ndilo watu wanalolisoma kwanza. Jina la juu kabisa katika fungu hilo lilikuwa Afia Dufie (Marekani).

Sasa niwaambie kilichomleta. Dufie ameolewa na Boadi, dereva wa basi la shule, ambaye ni raia wa huku. Boadi alimwombea kadi ya ukaazi, na maombi hayo yalikuwa bado yamelala ofisini. Na sheria yake ni hii: ukitoka nje ya nchi maombi yakiwa bado hayajajibiwa, nawe huna kibali cha kusafiri, unahesabiwa umeyatupa. Kwa Dufie ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu viza aliyoingia nayo ilikwisha zamani. Akitoka bila kibali, mlango ungefungwa nyuma yake kwa miaka, huku Boadi na mtoto wao wamebaki ndani. Kibali alikwisha kukiomba. Hakikuja. Na kabla ya Krismasi Mama Antwiwaa akafa.

Boadi alisikia kwamba waliofiwa wana dirisha lao la dharura. Dufie akapiga simu, akasikiliza muziki wa kusubiri hadi sikio likapata moto, kisha mama mmoja akamuuliza sababu. Dufie akasema, "Mama yangu amekufa." Akapewa siku.

Kijana wa dirishani alikuwa na mafua na adabu zake. "Pole sana, Bibi," akasema. "Aliyefariki ni nani yako?"

"Mama."

Akabofya, akatazama, akabofya tena. "Mama mzazi?"

"Mama yangu."

"Hapa kwenye maombi yako ya ukaazi, mahali pa mama, umeandika Frema. Ukaandika kwamba alifariki ukiwa mtoto mchanga."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mama yako alikwisha kufa zamani."

"Ndiyo."

"Na mwezi uliopita amekufa tena."

Hakusema kwa kejeli. Alitaka kuelewa tu. Na Dufie hakujua aanzie wapi, kwa sababu jambo lenyewe halijawahi kuelezwa na mtu. Frema alimzaa, hakuishi. Antwiwaa, dada yake mkubwa, alikuwa na mtoto wa kunyonyesha, Yaw. Wakatoka makaburini, akakaa chini, titi moja akampa Yaw, jingine akampa Dufie. Basi. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kusema huyu wa fulani na huyu wa fulani. Angesema hivyo mtu, angepigwa kwa mwiko. Wenye Kiswahili wana neno la mama mkubwa. Sisi hata hilo la "mkubwa" hatuna. Dada wa mama ni mama.

"Na mazishi ni lini?" kijana akauliza.

"Jumamosi ya mwisho, mwezi ujao."

"Mwezi ujao? Mwili uko wapi?"

"Mochwari. Unanisubiri."

Kijana akapenga kamasi. "Bibi, sikatai kwamba una huzuni. Ila bango linasema wewe ni mtoto wake, faili linasema mama yako ni mwingine. Nikiandika hapa kwamba umefiwa na mama, nitakuwa nimeandika uongo. Na uongo huo utakuwa wako. Kalete karatasi zinazokubaliana."

Dufie akafunga koti.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Akoto. Akoto ana duka la kupeleka mizigo Tema, bandari ya kwetu, mapipa ya bluu yamejaa hadi barabarani, na nyuma ya mapipa ana meza anapowajazia watu fomu. Si mwanasheria, ila wanasheria wa mtaani kwetu humtuma mtu kwake akishindwa kuwalipa.

"Nani alikutuma useme mama?" Akoto akafoka.

"Sasa nimwite nani?"

"Dada wa mama! Maneno mepesi hayo."

"Wewe dada wa mama yako unamwitaje?"

Akoto akajikuna shingo. "Namwita mama. Lakini mimi sina kesi."

Hata Dufie akacheka, cheko moja, likakatika. Akoto akamweleza: watu wa Kumasi wachape bango jipya, Dufie aondolewe kwenye watoto, awekwe kwenye watoto wa ndugu. Na mkuu wa ukoo aandike barua iseme vivyo hivyo. Kila kitu kifanane na faili. "Halafu mrudie kijana wako. Na hizo nguo acha nyumbani, unawatisha."

Mkuu wa ukoo ni Mjomba Sarpong, mdogo wao Antwiwaa na Frema. Dufie alimpigia akiwa kwangu, jirani yake wa mlango wa pili, kwa sababu aliona haya Boadi asikie. Akaiweka simu mezani, sauti juu.

"Sikia, Afia," mzee akasema, "simu hii inakwaruza, huenda sikukupata. Unataka nichape na kubandika, kwenye makutano ya barabara na kanisani na ukutani kwa mochwari yenyewe, kwamba Antwiwaa hakuwa mama yako?"

"Ni karatasi tu, Mjomba."

"Karatasi tu. Na ile ya kwanza uliyoipenda, ukataka picha ya kiti, ilikuwa bati?"

"Mjomba, nakuomba. Wakiona zinalingana wataniachia nije. Vitu vyake ninavyo tayari. Sifongo, sabuni, taulo, kitambaa. Viko kwenye sanduku."

Hivyo ni vitu vya mtoto, vya kumwogeshea na kumvika marehemu. Mtoto ndiye huvileta. Tukasikia jogoo wa kwao na mtu anatwanga.

"Mtu akimkana mama yake akiwa hai, watu husema amekasirika," mzee akasema hatimaye. "Huyu yuko kwenye jokofu, Afia. Watu watasemaje?"

"Watasema nimekuja kumzika."

"Haya. Mimi nitachapa. Lakini kidole kilichoandika ni chako, changu usikitaje."

Bango jipya likaletwa na msafiri. Picha ile ile, kiti kile kile. Juu ya fungu la watoto sasa alikuwa Yaw (Kumasi). Chini kabisa, kwa herufi ndogo, baada ya wakwe: Watoto wa Ndugu, Afia Dufie (Marekani).

Safari ya pili Dufie, amevaa suruali na sweta kama anayekwenda kazini, alikwenda na Boadi. Kijana wa mafua hakuwepo. Alikuwepo mama wa makamo mwenye miwani, naye akauliza swali lile lile. Aliyefariki ni nani yako?

Boadi aliniambia kwamba Dufie alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Kisha akajibu, kwa sauti ya mtu anayeuliza nauli: "Dada wa mama yangu."

Yule mama akasoma barua, akasoma bango, akasoma alichoandika mwenzake. "Mara ya kwanza ulisema mama."

"Nilikosea."

"Ulikosea mama yako?"

Dufie akaanza kulikunja bango.

"Sitalikuza jambo hili," mama wa miwani akasema, "maana naona umesahihisha. Lakini kwa dada wa mama, na kifo cha tangu mwaka jana, sioni dharura ya kukurusha foleni. Maombi yako ya kibali yapo. Yasubiri."

Boadi akasimama. "Dada yangu, huyu mama alimnyonyesha!"

"Bwana, naomba ukae."

Nje, kwenye tope la theluji, Dufie akasema, "Nimemkana."

"Hukumkana. Umejibu swali."

"Imebaki jogoo tu awike."

Alitembea mbele ya mumewe mtaa mzima, kisha akageuka. "Nakwenda. Wafute wanachotaka kufuta."

"Nenda," Boadi akasema. "Nywele za mtoto nitazisuka mimi? Mtoto akiuliza mama yuko wapi, nimwambie amekwenda kumzika dada wa mama yake?" Alitaka iwe utani. Ilitoka vibaya, akajua imetoka vibaya, wakapanda treni kila mtu na kiti chake.

Hakwenda.

Jumamosi ya mazishi Dufie alikuwa kazini, nyumbani kwa bibi mzee Mmarekani anayemtunza. Alimlisha uji wa shayiri huku simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, na ndani ya simu Kumasi ilikuwa imejaa jua, viti vyekundu na vyeusi hadi mwisho wa uwanja. Mshereheshaji wa shughuli akashika kipaza sauti: watoto wa marehemu walete vitu vyao. Yaw akapita na taulo na kitambaa, jasho linamtiririka. Msemaji akauliza, "Na yule wa Marekani? Vitu vyake viko wapi?"

Sauti ya mwanamke, karibu kabisa na simu, ikasema, "Yule si mtoto. Hujasoma bango?"

Watu wawili watatu wakacheka, si kwa ubaya, cheko la msibani tu.

Bibi mzee akainua kidevu kutoka kwenye bakuli. "Nani huyo wanayemzika, mpenzi?"

Dufie akachota kijiko kingine cha uji.

Kibali kikaja theluji ilipokwisha, ndani ya bahasha nyembamba pamoja na matangazo ya pizza. Boadi alikiweka mezani kando ya bakuli la fufu. Dufie alikula kwanza. Kisha akafungua lile sanduku na kukilaza juu ya sifongo na sabuni, akavuta zipu.

Sasa mwaka wa Mama Antwiwaa unakaribia, na kutimiza mwaka kwetu ni shughuli kamili. Kibali bado kina uhai, Dufie anaweza kwenda. Mjomba Sarpong amepiga simu, safari hii kwa upole wa mtu aliyezeeka ghafla. "Mchapaji anangoja, mwanangu. Kwenye makutano yale bado bango lako limebaki nusu, mvua haijalimaliza. Tunabandika jingine juu yake. Nikuandike wapi?"

Akoto amesikia, amekuja mbio. Usaili wa kadi ya ukaazi ni wiki chache baada ya safari. "Faili lina kauli mbili tayari," anasema. "Mabango siku hizi yanazunguka kwenye simu za watu, hata huku. Wakiliona bango la tatu, umerudi kuwa mtoto, watakuuliza ni lini ulikuwa unasema kweli. Utawajibu nini? Na Boadi? Na mtoto?"

Boadi amenunua tiketi, ameiweka kwenye sanduku pamoja na vile vitu vingine.

Jumapili baada ya kanisa Dufie alikuja kwangu na mabango yote mawili. Akayatandaza mezani, moja kando ya jingine, akayabana pembe kwa vikombe vyangu. Mama Antwiwaa wawili wakatutazama kutoka viti vyao. "Wewe hupenda kuwasimulia watu visa," akaniambia. "Waulize."

Nimewapa chai wageni wengi juu ya mabango yale, na kila mmoja akifika kwenye fungu la watoto huweka kikombe chini. Sasa ni zamu yako. Mchapaji anangoja, mzee yuko kwenye simu, na Dufie amekaa pale mkononi hana kitu. Ungemwambia aandikwe wapi?