Dalali wa Onyesho la Pili

Mazoezini, kila Ijumaa pale Doha, mlinzi mmoja alikuwa kama aliyekalia siafu: mguu haukutulia, vidole vilichezea kifungo cha sare. Phoebe, nesi aliyeongoza mchezo wa kuigiza, alishachoka kumkanya. Onyesho la kwanza aliigiza mtu mweusi anayenyimwa nyumba kwa rangi yake, akalia machozi ya kweli. La pili akawa dalali anayemnyima mwenzake.

"Mfukuze kwa ukali, kaka!" Phoebe alimhimiza.

Mguu ukatulia. Akaweka kiganja kifuani, akatabasamu, akasema kwa sauti ile ile laini anayowazuilia vibarua wasio na familia langoni kule The Pearl, mtaa wa matajiri anaoulinda: "Samahani, ndugu yangu. Hapa ni familia tu."

Kiprono, fundi wa kupaka rangi aliyetakiwa kubishana naye, akainamisha kichwa kama yuko langoni kweli. "Sawa, bosi." Akachukua mfuko wake, akashuka jukwaani, akatoka nje.