Vijiti vya Chemchemi

Nilipohamishiwa shule ya msingi kule Kilolo, kifaa pekee nilichokuwa nacho cha kufundishia mabadiliko ya tabianchi kilikuwa bango la dubu mweupe aliyesimama juu ya kipande cha barafu. Nililibandika ukutani kwa fahari. Mwanafunzi mmoja akalitazama kwa huruma, akauliza, "Mwalimu, huyu mnyama anapatikana Mufindi kwenye baridi?" Darasa likacheka, nami nikacheka, ila moyoni nilikasirika. Tatizo letu wenyewe lilikuwa nje ya dirisha, nami nahangaika na dubu.

Chemchemi iliyo chini ya shule ilikuwa inakauka. Ndiyo iliyonywesha vinyungu, zile bustani za bondeni ambazo Wahehe hulima kiangazi, kikiwemo kinyungu cha shule kilichotupatia mboga za mchana. Kila mwaka maji yalianzia chini zaidi. Bado kidogo tu yangetoweka kabisa.

Nikawapa watoto kazi: kila mmoja amlete babu au bibi yake bondeni, achomeke kijiti pale maji yalipoanzia enzi za utoto wake. Nilitegemea somo la utulivu. Wapi! Wazee walibishana kama wako mnadani.

"Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni, utajua nini?"

Mmoja akanigeukia mimi. "Na wewe mwalimu, kwenu Rungwe mvua hainyamazi. Mambo ya maji kukauka umeyajulia wapi?"

Lakini hadi jioni vijiti vilikuwa vimepanda mteremko kwa mstari, vikaingia katikati ya shamba la mikaratusi. Mwenye shamba, mama mmoja mjane, alikuja wa mwisho. Alipanda kuwapita wote, akachomeka kijiti chake ardhini, kando ya shina la mti wake mwenyewe.

"Kamwene, mwalimu," alinisalimu.

"Kamwene, mama."

"Sasa unataka nikate?"

Kitabu cha darasani kilitufundisha kupanda miti, si kukata. Hakikusema kwamba mkaratusi ukiupanda kwenye chemchemi utayanywa maji yote. Na miti ile aliipanda na marehemu mumewe. Ndiyo ingetoa mbao za kenchi ya nyumba yake, na ilikuwa bado miaka kadhaa ikomae. Kuta zilishasimama, zinangoja paa. Niliona aibu kumwomba.

"Sijui, mama," nikamjibu, na kweli sikujua.

Akaondoka bila kuaga. Siku zile nilifundisha bila raha. Kisha nikasikia ametangaza mgowe, kazi ya kusaidiana ambayo mwenyeji huwashukuru watu kwa ulanzi, pombe ya mianzi. Kijiji kizima kikaja na mashoka. Tulikata miti yote iliyozunguka vijiti, yeye akisimama kando, kitenge kimefunika mdomo. Alichoambulia ni fito na kuni. Pale tulipokata tukapanda mivengi, miti ambayo wazee, safari hii bila ubishi, walisema ndiyo iliyokuwapo zamani. Watoto nao wakapewa kazi yao: visiki vya mkaratusi ni vikaidi, huchipua hata uvifanyeje, kwa hiyo kila wiki walikwenda kuvunja machipukizi.

Kiangazi cha kwanza hakikuleta kitu. Kuna walioanza kunitazama kwa jicho baya. Yule mama aliezeka chumba kimoja kwa mabati chakavu, akahamia humo, na kila nilipopita pale niliumia.

Kiangazi kilichofuata alikuja mwenyewe hadi mlangoni mwa darasa, tope magotini. "Njoo na hao watoto wako," alisema, kisha akageuka na kutangulia.

Tulimfuata mbio, hata kengele hatukungoja. Katikati ya mivengi michanga, maji yalikuwa yanachuruzika kutoka ardhini, membamba lakini safi. Nililia mbele ya wanafunzi wangu na sikujali. Nilipopangusa macho nikaona kitu cha ajabu: pale yalipotokea hapakuwa na kijiti chochote. Yalikuwa juu kidogo ya vijiti vya wengine, na chini ya kile cha mama.

"Kumbe wote tulikosea," alisema, akicheka. "Hata mimi!"

Akapanda, akang'oa kijiti chake, akarudi kuwakabidhi watoto.

"Chomekeni ninyi. Na wajukuu zenu wakija kuwauliza, msibishane."