Kahawa Aliyoiacha Daktari wa Timu

Ramiro Marzuka alikuwa mwoga, na sisi jamaa zake tulilijua hilo kabla majirani hapa Patronato, mtaa wa maduka wa Santiago, hawajalijua. Utotoni aliogopa lifti, mbwa wa muuza vifungo, na mlio wa milango ya chuma ya maduka ikishushwa jioni. Alipokuwa beki wa kushoto katika ligi daraja la pili, alitapika kabla ya kila mechi, akasukutua mdomo, akaingia uwanjani, na mawinga hawakumpita kirahisi. Wenzake walimwita Mturuki, kama Wachile wanavyotuita sote, kwa kuwa babu zetu walishuka melini kutoka Palestina na karatasi za Waturuki waliokuwa wakitawala kule.

Mwaka aliotimiza ishirini na saba, vita vikiwaka Gaza, alinijia dukani asubuhi, akasimama katikati ya majora ya pazia.

"Baba mdogo, wamenipigia simu."

"Nani? Polisi?"

"Timu ya taifa. Ya Palestina."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nataka kwenda," akasema. "Naogopa, lakini nataka."

"Na Chile je? Ukishaanza kucheza mechi za mashindano kule, basi tena."

"Chile wana mabeki wa kushoto wengi kama njiwa. Hawanihitaji hata kubeba maji. Shida si Chile. Shida ni Bibi. Asiponiruhusu, siendi."

Bibi huyo ni mama yangu, Widad. Alikuja Santiago akiwa bibi harusi kutoka Beit Jala, Palestina, na kaka yangu alipofariki alimlea Ramiro akisaidiana na shemeji yangu Jimena, mama yake. Mama hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Lakini alikuwa na ndugu yake, mjomba wangu Yusef, aliyerudi Beit Jala baada ya vita vya sitini na saba ili kuuza kipande chao cha mizeituni. Alishikwa na askari darajani, mpakani. Aliletwa kwetu tena baada ya miaka miwili, na tangu siku hiyo hakusema maneno zaidi ya "niletee maji" na "zima taa". Alikufa hivyo hivyo, chumba cha nyuma. Kwa Mama, kwenda kule na kutorudi lilikuwa jambo moja.

Habari zikavuja. Mtu asiyejulikana akamwachia Jimena ujumbe wa sauti kwenye simu, kwa upole kabisa, akitaja rangi ya gari lake na mahali anapoliegesha. Tangu hapo shemeji alikwenda kazini kwa miguu, akigeuka nyuma kila kona. Mama aliusikia ule ujumbe. Aliendelea kuviringisha wali kwenye majani ya mzabibu, ila vidole vyake vilikuwa vikiyachana majani.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alikuja mtu wa timu. Jina lake Hatem Dweik, daktari wao, mwenyeji wa Hebroni. Walimtuma yeye kwa kuwa alisomea Kuba, akajua Kihispania. Alipofungua kinywa, Ramiro alijiuma mdomo asicheke, maana mgeni alizungumza kama mpiga ngoma wa Havana.

"Cheka tu, kijana," Hatem akamwambia. "Wachezaji wetu wananiita Mkuba. Wewe watakuita Mchile. Huko kila mtu ana jina la nchi ya watu."

Mama akaleta kahawa yenye iliki, akamwekea mgeni kikombe mbele yake, akakaa. Hatem akakisogeza kando kidogo, akaeleza ombi lao: mechi mbili za kufuzu, kambi Amman, kisha Kuwait.

"Mechi ya pili si ninyi wenyeji?" Jimena akauliza. "Mbona Kuwait?"

"Ndiyo, wenyeji. Kwetu hatuwezi kucheza, basi tunakuwa wenyeji kwenye uwanja wa watu."

Kahawa haikuguswa. Jimena akamsogezea sukari. Haikuguswa. Akaleta chai, akaleta biskuti za tende. Mgeni alishukuru kwa kila kitu na hakuonja kimoja. Jimena akaninong'oneza, midomo imemkauka, "Anatuogopa huyu. Anadhani tumemtilia kitu. Mtu anayeogopa kahawa yetu, atamlindaje mtoto wangu?"

Niliona aibu. Nikanyoosha mkono niiondoe ile kahawa iliyopoa, nimletee nyingine. Hatem akabadilika uso, akaanza kuinuka kama mtu aliyefukuzwa.

"Usikiguse hicho kikombe!" Mama akapiga kelele.

Nikauacha mkono hewani.

"Huko kwetu," akasema, macho sakafuni, "mtu akija kuomba jambo zito, kuomba mke au kuomba damu isamehewe, haonji kahawa mpaka ajibiwe. Ukikubali, unamwambia anywe. Ukikiondoa kikombe, umemnyima."

Ndipo tukaelewa kwamba Mama alijua tangu mwanzo, na alikuwa amekaa pale akiiangalia kahawa ikipoa.

"Mtamrudisha?" akamuuliza Hatem.

"Mama yangu, siwezi kuahidi. Mimi nikitoka kwangu asubuhi simwahidi mke wangu kwamba nitarudi. Naweza kukuambia nitakuwa naye, na kwamba hatupiti lile daraja."

"Si jibu hilo."

"Sina jingine."

Ramiro alikuwa mweupe kama chokaa. "Daktari," akasema. "Daktari, kunywa."

Hatem hakukiinua kikombe. Alimtazama Mama. Sote tulimtazama.

Mama akasimama, akakichukua kile kikombe, akaenda nacho jikoni. Tukasikia kahawa ikimwagwa kwenye sinki. Jimena akashusha pumzi, sijui ya nafuu au ya huzuni. Ramiro akainamisha kichwa. Hatem akaanza kufunga vifungo vya koti.

Kisha tukasikia kiberiti. Baada ya muda, harufu ya iliki.

Mama akarudi na dele lote la kahawa. Akamimina, nyingine ikaenda kwenye kisahani.

"Imepoa ile," akasema. "Kunywa hii."

Hatem akainywa yote ikichemka, machozi yakamtoka. Ramiro akakimbilia uani, tukamsikia akitapika.

"Ni mgonjwa?" daktari akauliza, akishika ulimi ulioungua.

"Hapana," nikamjibu. "Ndivyo anavyokubali."

"Basi atapatana na kipa wetu."

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Mama alikaa kwenye kiti chake, akavuta shali mpaka kidevuni. Nje jua lilikuwa bado kali na watoto wa jirani walikuwa wakicheza barabarani. Akaniambia nikafunge mlango kwa funguo zote mbili, mgeni akiwa bado ndani, angalau siku hiyo asitoke mtu.