Kigodoro cha Mwende

Kuna Ijumaa moja, mwanangu, ambayo hainitoki akilini, na ningefurahi sana kama ingenitoka. Jana ulipokuja kwangu na simu yako, ukanionyesha picha za mahema ya kulala porini, hili linakunjika kama gazeti, lile linaingia kwenye begi la shule, ukaniuliza lipi jepesi kuliko yote, mimi sikukujibu. Nilikutuma maziwa dukani. Najua ulidhani uzee umenizidi. Ukweli ni kwamba uso ulinishuka mbele yako na sikutaka uone.

Nimeshona mahema maisha yangu yote, kwa hivyo una haki ya kuniuliza. Nilianza kama kibarua katika karakana moja ya turubai kule Industrial Area, tukishona vifuniko vya malori na mahema ya harusi na matanga. Nilikuwa naishi mtaa wa Pipeline, ghorofa ya tano, chumba kimoja na vijana watatu waliotoka kwetu magharibi. Kitanda kilikuwa kimoja tu na hakikuwa changu. Mimi nililala sakafuni juu ya katoni iliyokunjuliwa, bila blanketi, na bado niliamka na jasho shingoni. Basi nikajiaminisha kwamba mtu anayelalamikia baridi ya chini ni mtu aliyedekezwa na mamake.

Jumapili tulikuwa tunasali katika kanisa moja mtaa wa Fedha. Pale kanisani vijana wanane tulikuwa na mtindo wa kupanda milima wakati wa likizo, na dereva wetu alikuwa Mzee Mutua, mtu wa Ukambani, mpole, mwenye koti kubwa la kijivu ambalo halikumtoka hata jua likiwaka. Mwaka huo tuliamua kulala nje kabisa, juu upande wa Kinangop, kwenye nyasi za mzee mmoja aliyetuambia tulale tunapotaka mradi tusichome kitu. Hakuna choo, hakuna banda, hakuna mlinzi. Palikuwa mwendo wa saa nne kutoka gari linapokomea, na kila kitu kingepanda kwa migongo yetu.

"Hema na malazi niachieni mimi," nikasema, nikijipiga kifua.

Nilishona mahema mawili kwa vipande vya nailoni vilivyobaki karakanani. Yalikuwa mepesi, hilo siwezi kukataa hata leo. Lakini mimi nilikuwa fundi wa malori, na turubai la lori sifa yake ni kuziba. Nikaziba kila mahali, nikashona mlango ukajifunga hadi chini, sikuacha hata upenyo wa kupitisha kidole. Halafu nikatoa amri: kila mtu blanketi moja jepesi, godoro marufuku.

Aliyenipinga alikuwa Mwende. Mwende alikuwa mchongaji, kazi aliyoirithi kwa babake, na alikuwa na nafasi yake katika banda la wachongaji si mbali na kanisa, akichonga vijiko na twiga wa kuuzia watalii. Alinena kidogo na akisema alikuwa amefikiri.

"Fundi, mimi nakuja na kigodoro changu," alisema. "Kwetu nimelala nje nikichunga mbuzi. Baridi ya nje inatoka chini, haitoki juu."

Wenzetu wakaangua kicheko. "Fundi, umefunzwa kazi na msichana! Maze, rudisha sindano!"

Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa nimechomeka. Kichwa changu cha siku hizo kilikuwa kimevimba, mwanangu, na kichwa kilichovimba kinauma kikiguswa kidogo tu.

Kuna jambo lingine ninalopaswa kukuambia kabla sijaendelea, kwa sababu bila hilo utaniona nina kosa dogo. Mwende aliwahi kunisimulia habari za mamake. Mama huyo alianza kusahau akiwa bado na nguvu za kulima. Kwanza ilikuwa sufuria juu ya moto, kisha njia ya kwenda sokoni, na mwishowe majina ya watoto wake. Mwende aliniambia kwamba kitu pekee alichoogopa duniani ni kuamka siku moja akute na yeye ameanza. Mimi nililijua hilo. Tafadhali usilisahau unaposoma yanayofuata.

Ijumaa hiyo gari lilipofika mwisho wa barabara, tulipanga mizigo upya. Malazi yote yaliingia gunia moja, na gunia nililibeba mimi. Kigodoro cha Mwende kilikuwa kipande cha sponji nzito alichokikata kwenye godoro kuukuu, akakivalisha kitambaa kigumu cha bluu, akakifunga kwa kamba. Wenzangu walipokwenda kujaza maji mtoni, nilikitoa kwenye gunia nikakisukuma chini ya kiti cha nyuma. Nilikuwa nimepanga kumwambia asubuhi yake, akishaamka mzima: umeona, hukukihitaji! Tungecheka. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wote, na kwangu ulikuwa mzaha mzuri sana.

Tulifika juu jioni, mvua ndogo imetangulia, nyasi zimelowa. Tukasimamisha mahema. Mwende akafungua gunia, akatoa blanketi moja baada ya jingine, akaligeuza lile gunia na kulikung'uta.

"Kigodoro changu kiko wapi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Lakini nilimwona Mzee Mutua akiangalia, nikawaona wenzangu wakiangalia, na ule mzaha haukuonekana mzaha tena. Nikasema, "Labda umekiacha nyumbani."

Maneno matatu tu. Mwende akasimama na lile gunia mkononi. "Nilikifunga mimi mwenyewe," akasema polepole. Kisha akatuangalia sisi sote. "Wasee, mnisamehe. Nimewasumbua bure na kigodoro, kumbe sijakibeba hata." Aliomba msamaha, mwanangu. Mimi nimekaa pale nafunga kamba ya hema ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Usiku wenyewe sina haja ya kuurefusha. Ardhi ilinyonya joto letu lote. Ndipo nilipokumbuka kwamba chini ya ile sakafu yangu ya Pipeline kulikuwa na mama aliyechemsha maharagwe ya kuuza kila jioni, na kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nimelala juu ya jiko la mtu nikijiita shujaa. Na mahema yangu yaliyozibwa hayakuruhusu pumzi itoke, ikagandama juu, ikaturudia kwa matone hadi mablanketi yakalowa. Katika hema la wasichana nilisikia meno ya mtu yakigongana. Mzee Mutua, ambaye hakuwahi kunisikiliza na alikuja na kigodoro chake amekibeba mwenyewe mgongoni, aliamka akampa Mwende kigodoro hicho pamoja na koti, naye akakaa nje akitembeatembea mpaka kukapambazuka.

Mwende alikohoa wiki nzima, kisha akapona. Kama ingekuwa ni kikohozi peke yake, nisingekuwa nakuandikia leo.

Tuliporudi garini nilihofia kigodoro kitaonekana. Nikakifunika kwa turubai, na tulipofika mjini nikawa wa mwisho kushuka, nikakipeleka kwangu, nikakificha nyuma ya mitungi ya maji. Jumapili iliyofuata Mwende aliniambia amekitafuta nyumba nzima hakipo. Amewauliza majirani. Hakumbuki alikiweka wapi. Alisema hayo huku akicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni, nami nikamwambia, "Kitaonekana tu." Jumapili ya pili alikuwa na kidaftari. Aliandika mahali alipoweka ufunguo, aliandika kama amezima stovu. Alikuwa akikifungua na kukisoma hata katikati ya wimbo. Mimi niliketi safu ya nyuma yake nikimwona, na nikaendelea kuimba.

Unaniuliza kwa nini sikusema? Kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Hiyo ni sababu, si udhuru. Niliogopa kuitwa mwongo, nikaona afadhali yeye ajione mgonjwa.

Wiki ya tatu Mzee Mutua alikuja karakanani saa ya chakula kushonewa kifuniko cha kiti. Alikaa juu ya roli ya turubai akaniambia, kama mtu anayetoa habari za msiba, kwamba Mwende ameacha kazi. Alikuwa anaogopa kushika tezo na patasi asije akasahau na kujikata, na amemwomba ampeleke kwao Ukambani Jumamosi, akakae na mamake kabla hali haijazidi.

"Msichana mzima vile," alisema Mzee. "Na mkono wake wa kazi ulivyo mzuri."

Cherehani ilikuwa inanguruma, nikaizima. Nikamwambia yote, kuanzia gunia hadi mitungi ya maji. Nadhani nilitaka anipige, au aniambie kwamba ujana ni ujana, chochote ambacho kingenipunguzia ule uzito. Mzee Mutua hakufanya hata moja. Aliinuka, akavaa kofia yake.

"Mbona unaniambia mimi?" akasema. "Mimi sikusahau kitu."

Akaondoka na kifuniko chake kabla sijakimaliza.

Siku hiyohiyo niliomba ruhusa, nikapita nyumbani nikachukua kigodoro, nikakikumbatia kifuani hadi banda la wachongaji. Mwende alikuwa anakusanya vyombo vyake vya kazi akivifunga katika gunia. Aliponiona na kile kitambaa cha bluu, alisimama tuli. Wachongaji wengine wakaacha kugonga.

"Ulikuwa umekibeba," nikasema. "Nilikitoa mimi. Nilikificha."

Alikuja akakishika, akalipapasa fundo la kamba, fundo lake mwenyewe.

"Kwa hivyo nilikifunga?"

"Ulikifunga."

"Nikakitia kwenye gari?"

"Ulikitia."

"Na ukaniona nikikitafuta."

"Nilikuona."

Nilisubiri matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Mwende alikaa chini juu ya vumbi la mbao, akakipakata kile kigodoro, akalia. Alilia mpaka nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Kisha akaniangalia, uso wake umejaa machozi na furaha, akasema, "Asante. Asante sana, Fundi. Kumbe niko sawa."

Alinishukuru, mwanangu. Nimetukanwa mara nyingi maishani na nimesahau mengi, lakini shukrani ile bado inaniamsha. Hakwenda Ukambani. Alichonga kwa miaka mingi baadaye, na tulipokutana alinisalimia vizuri kwa heshima. Ila hakuwahi tena kuniachia mzigo wake niubebe, na sikuthubutu kumwomba.

Sasa nikujibu swali lako. Chukua hema linalopumua, lenye upenyo juu na chini, hata kama ni zito kidogo kuliko lile la pichani. Kabla ya kutafuta blanketi zuri au mfuko wa kulalia wa bei ghali, tafuta cha kutandika chini yako, kwa maana ardhi haikujui na haitakuonea huruma. Ukitaka kupunguza uzito, punguza mzigo wako mwenyewe: acha sahani ya pili, acha viatu vya kujionyesha, lala njaa kidogo kama ni lazima. Mzigo wa mwenzako usiuguse bila yeye kujua. Hujui ameufunga kwa sababu gani.

Na ukikosea, kwa sababu utakosea, sema hapohapo wakati gunia bado liko wazi. Watakucheka kwa jioni moja. Usimwache mtu aombe msamaha kwa kosa lako, usimwache aitilie shaka akili yake ili wewe uonekane fundi. Nami nakuomba, usinichukie kwa haya. Afadhali unione nilivyokuwa kuliko uniulize mambo ya mahema ukidhani unaongea na mtu safi.

Nenda salama huko unakokwenda. Mungu akulaze pakavu, akuamshe mzima, na wote utakaopanda nao mlima warudi makwao wakiwa bado wanakuamini. Amina.