Stupa Haizungukwi Kinyume

Lanimaya Maharjan hajawahi kumwomba mtu radhi kwa kosa ambalo hakulifanya, na hata kwa yale aliyoyafanya ni mzito. Nusu ya mji wa Patan inamjua kwa hilo. Ni mama wa miaka hamsini na nane, mfupi, mwenye sauti inayovuka paa tatu, na kazi yake ni kuongoza wageni. Huwapitisha kwenye mahekalu ya uwanja wa kifalme, kwenye visima vya mawe na kwenye nyua za ndani zenye stupa ndogo ndogo, yale majengo matakatifu ya mviringo ambayo waumini huyazunguka wakisali, na jioni wageni hurudi hotelini miguu ikiwauma, wala hakuna anayethubutu kulalamika.

Kiingereza alijifunzia barazani, akimenya vitunguu saumu na kubishana na watalii. Mtihani wa waongozaji aliufanya mara nne. Mara ya tatu msimamizi aliyacheka matamshi yake, naye akamwambia, "Cheka umalize, mwakani nipo tena." Alipoivaa beji ya uongozaji shingoni alikuwa na miaka arobaini na mmoja, tayari mjane, na ndiye mwanamke wa kwanza wa mtaa wao wa wakulima kuipata. Beji hiyo ndiyo iliyowalisha yeye na mama mkwe wake. Tetemeko lilipoangusha mahekalu, alikaa siku kumi na mbili juu ya kifusi akichambua nguzo za kuchonga, wezi wasije wakazibeba. Hakutumwa na mtu.

Ugomvi wenyewe ulianza na mshale.

Nyuma ya mtaa wao kuna uwanja wenye stupa nyeupe, imezungukwa na magurudumu ya sala ya shaba, ambayo waumini huyazungusha kwa mkono wapitapo. Asakaji, mwenyekiti wa kamati ya uwanja na mtu wa ukoo unaoitunza stupa hiyo, alifungua duka la vinyago na shanga upande wa kulia wa lango. Sasa mtu akiingia pale huanzia kushoto, ili stupa ibaki mkono wake wa kulia, na ndivyo ilivyokuwa tangu enzi na enzi. Kwa hiyo wageni walifika dukani mwisho kabisa, wamechoka, wanaulizia choo. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikasimamisha bango la chuma lenye mshale mwekundu: wageni wote waanzie kulia. Chama cha waongozaji, ambamo Asakaji hakosi marafiki, kikaongeza lake: atakayekaidi mshale atanyang'anywa beji.

"Kinyume?" Lanimaya alisema alipousoma. "Kinyume huzungukwa maiti kabla ya kuchomwa! Huyu mtu ana akili timamu?"

Waongozaji wenzake walinung'unika, kisha wakaufuata mshale. Wana watoto shuleni, walisema. Mmoja akamshauri afumbe macho tu apite.

"Nikifumba macho si nitaingia dukani kwa Asakaji?" akamjibu.

Jumatatu moja aliingia uwanjani na wageni kumi na mmoja wa Uholanzi. Asakaji alikuwa amesimama chini ya bango lake, kofia kaiweka upande.

"Dada Lani, mshale huo."

"Nimeuona. Mkubwa kweli. Sasa tupishe."

"Hawa hawajui kulia wala kushoto. Kwao ni matofali tu. Wewe kinakuuma nini?"

"Wao hawajui, mimi najua. Hebu niambie, wakienda huko unakotaka, magurudumu ya sala watayazungusha kwa mkono gani?"

Asakaji akakohoa.

"Sema, mwenyekiti! Mkono gani? Wa kuchambia! Niwatoe watu ng'ambo ya bahari waje kumwombea dua mama yako kwa mkono wa kuchambia?"

Kina mama waliokuwa wakianika ngano uwanjani wakaangua kicheko. Asakaji uso ukamwiva.

"Leo binti wa mkulima ndiye wa kutufundisha dini sisi?"

"Huyo huyo. Kwenye tetemeko binti wa mkulima alibeba matofali ya stupa hii mgongoni. Wewe ulikuwa kwa shemeji yako, unaogopa dari."

"Lete beji."

Hapo aliumia, tusidanganyane. Miaka kumi na saba beji ile ilikuwa imelala kifuani pake, na mama mkwe alikuwa nyumbani akingoja dawa za presha. Neno moja tu la samahani, hatua chache upande wa kulia, na siku ingeendelea kama siku nyingine. Akaivua, akaibwaga kwenye kiganja cha Asakaji, akawageukia wageni.

"Kuanzia sasa mimi si mwongozaji. Ni jirani naenda kusali. Anayetaka, anifuate."

Akaanzia kushoto. Tisa wakamfuata. Wawili walikwenda dukani, na hao hajawasamehe mpaka leo.

Kwa miezi miwili alikaa kwenye kona ya mtaa akikaanga chapati nene za dengu na kuuza. Lakini kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, aliingia uwanjani na kuizunguka stupa inavyotakiwa, akipasua misafara ya watalii katikati. "Mnakwenda kinyume, jamani! Geukeni!" Kamati ikamleta mlinzi amtoe.

"Unanitoa kwa kosa gani?" akamuuliza. "Kusali?"

Mlinzi akaenda kungoja chapati kwenye kona yake.

Kisha ukaingia Gunla, mwezi mtakatifu, ambao alfajiri kila mtaa hutoka na ngoma kuzizunguka stupa zake. Asakaji alitangulia mbele kama mwenyekiti, kavaa kofia mpya, anapiga matoazi. Walipopita langoni miguu yake ikashika kushoto yenyewe, kama ilivyoshika tangu anajifunza kutembea, na umati mzima nyuma yake, Lanimaya akiwamo. Hawakumaliza hata nusu ya mzunguko. Penye magurudumu walikutana uso kwa uso na kundi la watalii waliodamka mapema, wanaufuata mshale kwa utiifu wote, na mwongozaji wao, kijana mgeni wa kazi, akainua mkono kwa heshima.

"Samahani, mwenyekiti! Huku mnakokwenda ni kinyume!"

Ngoma zikakatika moja moja. Asakaji akayatazama matoazi yake, akaitazama miguu yake. Mama yake mzee, aliyekuwa nyuma akiegemea fimbo, akauliza kwa sauti, "Nani kaweka takataka hiyo?"

Asakaji akarudi nyuma mpaka alipo Lanimaya, akainama sikioni pake.

"Dada Lani, yaishe. Jioni pita ofisini uchukue beji yako."

"Sipiti." Wala hakushusha sauti. "Beji utaniletea nyumbani, mchana kweupe, watu wakiona. Na usije kabla hujaling'oa bango lako."

"Lile limechimbiwa kwa saruji, dada yangu. Si jambo la leo wala kesho."

"Ni la leo," Lanimaya akasema, akampita, akaendelea na mzunguko wake. "Sururu ninayo, na kazi umenikosesha mwenyewe."